Kuichambua Namba 720,720: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Namba Kubwa kwa Kalamu na Karatasi

Mtu akipewa namba yenye tarakimu sita au saba, jambo la kwanza analoliona ni ukubwa wake, ilhali ukubwa ndiyo habari isiyo na faida kubwa kuliko zote. Tabia ya namba nzima imefichwa katika vigawo vyake tasa, na anayejua kuvitoa anaweza kusema mengi juu ya namba hiyo bila kuhesabu upya kila mara. Mwongozo huu unachukua namba moja, 720,720, na kuipitisha hatua kwa hatua katika uchunguzi ambao msomaji ataweza kuutumia kwa namba nyingine yoyote. Nimeichagua kwa sababu hesabu zake zinakubali kufanywa kwa mkono, na kwa sababu majirani zake wawili, 720,719 na 720,721, wanaweka mtego ambao wanafunzi wengi huuangukia. Utahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha kawaida cha simu.

Hatua ya kwanza: isome bila utata

Kabla ya hesabu yoyote, hakikisha kwamba namba uliyoiandika ndiyo uliyoisikia. Kiswahili kina mtego wake hapa, kwani mtu akitamka "elfu mia saba na ishirini", msikilizaji mmoja ataandika 720,000 na mwingine ataandika 700,020, na wote wawili watakuwa na hoja. Neno laki huuondoa utata huo, kwa hiyo namba yetu ni laki saba na elfu ishirini, mia saba na ishirini.

Ukishaiandika, iangalie kwa makundi ya tarakimu tatu tatu. Kundi la 720 limejirudia mara mbili, na hilo si pambo tu, kwa kuwa namba yoyote ya tarakimu sita iliyojirudia namna hiyo ni zao la kundi lake na 1,001. Hapa tuna 720 × 1,000 + 720, yaani 720 × 1,001. Tumeipasua namba katika vipande viwili kabla hata ya kuanza kugawanya.

Hatua ya pili: toa vigawo tasa

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyo na vigawo vingine isipokuwa 1 na yenyewe. Njia ya uhakika ya kupata vigawo tasa ni kugawanya kwa namba tasa ndogo kuliko zote hadi ikatae, kisha kuhamia inayofuata. Kwa 2 tunapata mfululizo wa 360,360, kisha 180,180, kisha 90,090, kisha 45,045, ambayo ni witiri, hivyo 2 imeingia mara nne. Kwa 3 tunapata 15,015 na 5,005, kisha 3 inakataa kwa kuwa jumla ya tarakimu za 5,005 ni 10. Kwa 5 tunapata 1,001, kwa 7 tunapata 143, na 143 ni 11 × 13. Jawabu ni hili:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Mtu mwingine angeweza kuanza na 13 au kuipasua namba kwa njia tofauti kabisa, lakini mwishowe angefika kwenye orodha hii hii, kwa sababu kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ina mchanganuo mmoja tu wa vigawo tasa, mpangilio ukiachwa kando. Carl Friedrich Gauss aliutolea kauli hiyo uthibitisho kamili katika kitabu chake cha mwaka 1801, ingawa misingi yake imo tayari katika kazi ya Euclid.

Kwa kuwa 1,001 ni 7 × 11 × 13, kuna jaribio moja linalofanya kazi ya matatu. Igawe namba katika makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana. Kwa 720,720 tunapata 720 − 720 = 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 7, 11 na 13 kwa pamoja. Kwa 5,765,761 tunapata 761 − 765 + 5 = 1, kwa hiyo ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo tatu utapata baki ya 1. Nashangaa kwamba jaribio hili halifundishwi sana, wakati wanafunzi huambiwa kuwa 7 haina njia ya mkato.

Ipo pia njia ya Pierre de Fermat, ambayo hufaa namba inapokuwa zao la vigawo viwili vinavyokaribiana. Kipeuo cha pili cha 720,720 ni kama 848.95, hivyo tunachukua namba nzima inayofuata, 849, ambayo kipeo chake cha pili ni 720,801. Tofauti kati ya 720,801 na namba yetu ni 81, nayo 81 ni 9². Basi 720,720 = 849² − 9² = (849 − 9) × (849 + 9) = 840 × 858. Kwa kawaida njia hii hudai majaribio mengi kabla ya tofauti kuwa kipeo cha pili kamili, lakini hapa imejibu katika jaribio la kwanza. Vilevile imetuonyesha kwamba 840 na 858 ndiyo jozi ya vigawo vilivyo karibu zaidi kimoja na kingine.

Hatua ya tatu: tazama namba zinazoigawa kwa mfululizo

Ukiwa na mchanganuo mkononi, jaribu 1, 2, 3 na kuendelea. Kila namba kuanzia 1 hadi 16 inaigawa 720,720 bila baki, na inayokataa kwanza ni 17, ambayo huacha baki ya 5. Tena hakuna namba ndogo kuliko hii yenye sifa hiyo, maana 720,720 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha namba zote kuanzia 1 hadi 16. Sababu inaonekana wazi: 16 inadai 2⁴, 9 inadai 3², na 5, 7, 11 na 13 kila moja inajidai yenyewe. Hakuna kilichozidi na hakuna kilichopungua. Kwa namba 1 hadi 15 KDS ni 360,360 tu, na ni 16 iliyolazimisha kuizidisha kwa 2.

Ili kuiona maana yake, fikiria taa kumi na sita, ya kwanza ikiwaka kila baada ya sekunde 1, ya pili kila baada ya sekunde 2, na hivyo hivyo hadi ya kumi na sita. Zikiwaka zote kwa pamoja sasa hivi, hazitawaka tena zote kwa pamoja hadi zipite sekunde 720,720, ambazo ni siku 8, saa 8 na dakika 12 kamili.

Hatua ya nne: hesabu vigawo vyote

Hapa watu wengi huanza kuorodhesha, na huo ni usumbufu usio na lazima. Kila kigawo cha 720,720 hupatikana kwa kuchagua ni mara ngapi kila kigawo tasa kitumike. Kwa 2 unaweza kuchagua vipeo 0, 1, 2, 3 au 4, yaani njia tano. Kwa 3 una njia tatu. Na kwa 5, 7, 11 na 13 una njia mbili kila mmoja, kutumia au kuacha. Idadi ya vigawo basi ni 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Kanuni ni kuongeza 1 kwenye kila kipeo kisha kuzidisha, na kosa la kawaida ni kuzidisha vipeo vyenyewe bila kuongeza hiyo 1, jambo ambalo hapa lingetoa 8.

Kwa kuwa 240 ni shufwa, tunajua papo hapo kwamba namba yetu si kipeo cha pili cha namba nzima. Vigawo hukaa kwa jozi kama 840 na 858, na idadi yake huwa witiri pale tu kigawo kimoja kinapojizidisha chenyewe.

Hatua ya tano: jumlisha vigawo, kisha ainisha

Nicomachus wa Gerasa, aliyeishi yapata mwaka 100 baada ya Kristo, alizigawa namba katika makundi matatu kwa kulinganisha kila namba na jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiachwa nje. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, namba ni pungufu. Ikilingana nayo, ni timilifu, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Ikiizidi, ni namba ya ziada.

Jumla hii nayo haihitaji kuorodhesha vigawo 240. Kwa kila kigawo tasa jumlisha vipeo vyake kuanzia 1, kisha zidisha majibu. Kwa 2 tuna 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31, kwa 3 tuna 1 + 3 + 9 = 13, na kwa zilizobaki tuna 6, 8, 12 na 14. Zao la 31 × 13 × 6 × 8 × 12 × 14 ni 3,249,792. Ukiondoa namba yenyewe zinabaki 2,529,072, ambazo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya 720,720. Hii ni namba ya ziada, na ziada yake si ya kubahatisha.

Uwingi huo wa vigawo unaipa sifa nyingine. Mwaka 1948 A. K. Srinivasan alizipa jina la "practical numbers" namba ambazo kila namba ndogo kuliko hizo inaweza kuandikwa kama jumla ya vigawo vyake, bila kigawo kurudiwa. 720,720 ni mojawapo. Ukitaja 17 utajibiwa 16 + 1, na ukitaja 1,000 utajibiwa 990 + 10. Hiyo ndiyo faida ya namba ya aina hii katika mizani na fedha, kwani ukiwa na jiwe moja moja la mzani kwa kila kigawo, hakuna uzito mzima ulio chini ya namba hiyo utakaokushinda kuupima.

Hatua ya sita: ilinganishe na zilizoitangulia

Mwaka 1915 Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyekuwa wakati huo Cambridge, alichapisha uchunguzi mrefu juu ya namba ambazo kila moja ina vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kuliko yenyewe. Kabla ya yetu, 498,960 ina vigawo 200, 554,400 ina 216 na 665,280 ina 224. Ndipo 720,720 inapofika na 240 zake, na hakuna namba chini ya milioni moja iliyo na zaidi. Zipo zinazolingana nayo, kama 831,600 na 942,480, lakini zimechelewa, na katika orodha hii anayechelewa hahesabiwi.

Mfano wa 942,480 unafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu unaeleza namba za aina hii hujengwaje. Ukichukua 720,720, ukang'oa 13 na kupandikiza 17 mahali pake, unapata 942,480, na idadi ya vigawo haibadiliki, kwa kuwa vipeo ni vile vile. Umelipia namba kubwa zaidi bila kupata kigawo hata kimoja cha nyongeza. Ndiyo maana namba za Ramanujan haziruki namba tasa yoyote katikati, na ndiyo maana vipeo vyake, kama 4, 2, 1, 1, 1, 1 vya kwetu, havipandi kamwe kadiri namba tasa zinavyokua. Ukiona mchanganuo kama 2² × 3⁴, unaweza kuutupa bila hesabu, kwani 2⁴ × 3² ina vigawo vingi vile vile na ni ndogo.

Orodha aliyoitoa Ramanujan ilifika mbali sana na ilisahau namba moja tu, 293,318,625,600. Ukikosea katika kazi ya mkono, hauko peke yako.

Hatua ya saba: ipime kwa vipeo vya pili

Tumeshaona kwamba 720,720 si kipeo cha pili. Ili iwe hivyo, kila kipeo katika mchanganuo kinapaswa kuwa shufwa; 2⁴ na 3² zimetimiza sharti, nazo 5, 7, 11 na 13 hazijatimiza. Kizidishi kidogo kinachotakiwa basi ni zao la hizo nne, 5,005, na jibu ni 3,607,203,600, ambayo ni 60,060².

Je, inaweza kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili? Hapana, na huhitaji kujaribu hata jozi moja. Kanuni inasema kwamba namba tasa inayoacha baki ya 3 ikigawanywa kwa 4 inapaswa kuwa na kipeo shufwa katika mchanganuo. Namba 7 na 11 zote huacha baki ya 3, na kila moja ina kipeo 1. Moja tu ingetosha kuifunga njia.

Na jumla ya vipeo vitatu vya pili je? Hapa sharti ni jingine: gawanya kwa 4 hadi ikatae, kisha angalia baki ya kugawanya kwa 8, nayo ikiwa 7 hakuna njia. Ukigawanya kwa 4 mara mbili, yaani kwa 16, unapata 45,045, ambayo huacha baki ya 5, kwa hiyo njia ipo. Kuipata ni kazi ya kuchukua kipeo cha pili kikubwa kinachoingia: 212² ni 44,944, na zinabaki 101, ambazo ni 10² + 1². Ukirudisha 16, kila msingi unazidishwa kwa 4, na unapata 848² + 40² + 4² = 720,720.

Hatua ya nane: tarakimu, kwa tahadhari

Jumla ya tarakimu za 720,720 ni 18, nayo 18 inaigawa namba hiyo na kutoa 40,040. D. R. Kaprekar wa India aliziita namba za namna hii Harshad, kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya kuleta furaha. Sifa za tarakimu zina kasoro moja ya msingi: hazihusu namba yenyewe, zinahusu namna tunavyoiandika. Mchanganuo wa vigawo tasa haubadiliki hata ukihesabu kwa vidole sita, lakini jumla ya tarakimu hubadilika.

Iandike namba yetu kwa mfumo wa kompyuta wa 0 na 1, na utapata 1010 1111 1111 0101 0000. Sufuri nne za mwisho ni zile zile 2⁴ tulizozitoa mwanzo. Moja ziko kumi na mbili, na 12 inaigawa namba. Katika mfumo wa kumi na sita, ambamo A ni 10 na F ni 15, inaandikwa AFF50, jumla ya tarakimu ni 45, na 45 nayo inaigawa. Usidhani ni muujiza, maana namba inayokubali kugawanywa na karibu kila kitu kidogo itakubali jumla nyingi za tarakimu zake pia.

Hatua ya tisa: wachunguze majirani

Sasa tunafika kwenye mtego. Kwa kuwa 720,720 inagawanyika kwa kila namba hadi 16, jirani yake wa chini na wa juu hawawezi kugawanyika kwa namba yoyote kati ya 2 na 16. Namba inayogawa mbili zinazofuatana ingelazimika kuigawa tofauti yao, ambayo ni 1. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba majirani hao ni tasa. Hoja haijakamilika, kwani kilichothibitishwa ni kwamba vigawo vyao tasa, kama vipo, vinaanzia 17.

Ili kumaliza kazi, jaribu namba tasa kuanzia 17 hadi kipeuo cha pili, yaani hadi 848, maana namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake. Orodha ya namba tasa utaipata kwa chekeche ya Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo aliyefanya kazi Alexandria, Misri: andika namba zote, kisha futa vigawe vya 2, vya 3, vya 5 na kuendelea. Hadi 848 zipo namba tasa 146, na kwa kuwa sita za kwanza tumeshaziondoa, zimebaki 140.

Kwenye kikokotoo, gawanya na utazame desimali. Ukigawa 720,721 kwa 67 unapata 10,757.0298, na ukitaka baki, zidisha sehemu ya desimali kwa 67 upate 2. Kwa 720,719, jaribio la tano linatosha: 31 inaingia mara 23,249, nayo 23,249 ni 67 × 347. Jirani wa chini basi ni 31 × 67 × 347. Jirani wa juu ni mkaidi zaidi. Anakataa 17, 19, 23, 29 na zote zinazofuata hadi 67, na mtu aliyechoka angemwacha hapo akamwita tasa. Jaribio linalofuata ni 71, nalo linatoa 10,151 bila baki. Kwa hiyo 720,721 = 71 × 10,151, na ukijaribu namba tasa hadi 97 utaona kwamba 10,151 yenyewe ni tasa.

Fermat mwenyewe aliangukia shimo la aina hii. Aliamini kwamba 4,294,967,297, ambayo ni 2³² + 1, ni namba tasa, na mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Euler hakuijaribu kila namba tasa. Aligundua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1, hivyo walioitwa mbele ni 193, 257, 449, 577 na 641 tu, na wa tano ndiye aliyekubali.

Anayetaka kujipima mwenyewe aichukue 1,081,080, inayofuata yetu katika orodha ya Ramanujan. Jaribio la makundi linaanza kwa 80 − 81 + 1 = 0, na mchanganuo ukiwa sahihi utaonyesha vigawo 256, lakini 16 haimo miongoni mwake.